Mhalifu wa Kwanza wa Kifungu cha Tisa

Hakuiba mti. Hilo liwekwe mezani kwanza, kwa sababu mtaani limekaa vibaya, na kila anayelipokea analitia chumvi kabla ya kulipitisha kwa mwenzake. Wa kwanza alisema afisa mipango wa misitu alikutwa msituni na mtaimbo. Hiyo ni kweli. Wa pili akasema alikutwa na msumeno. Wa tatu akaliona lori. Ilipofika siku ya msiba wake, mbele ya watu waliokuja kula na kulia, kwa mpangilio huohuo, palikuwa na mama mmoja aliyekwisha kuyahesabu magogo, naye akawa anaionyesha kwa kidevu milango ya nyumba ya marehemu: "Mnaiona ile? Mali ya umma ile."

Milango ile ni ya plaiwudi. Imebandikwa karatasi yenye michoro ya mbao, na kwa chini imeanza kubanduka kwa sababu ya maji ya kudekia. Mwenye shaka aje aigonge. Italia kama debe.

Watu hupenda kusema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Bila shaka methali hiyo ilitungwa na mtu mwenye mdomo mrefu aliyekuwa akitafuta pa kujificha. La afisa huyu lilisemwa, halikuwapo, na halikuja. Lililokuwapo ni jingine kabisa, nalo ni hili.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, mtu aliyeamini kwamba suruali isiyo na mkunjo wa pasi ni sawa na kauli isiyo na adabu. Mwanawe aliingia Idara ya Misitu akiwa kijana mwenye suruali moja nzuri, akastaafu akiwa mzee mwenye suruali moja nzuri. Katikati hapo aliandika mipango.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Msitu wa umma ni wa watu wote, na kitu cha watu wote lazima kipangwe, la sivyo kinakuwa cha mwenye shoka. Afisa mipango hukaa na ramani, akaugawa msitu katika kanda: hapa patakatwa mbao, pale patawekwa mizinga ya nyuki, kule akina mama wataokota kuni, na huku patabaki kama palivyoumbwa. Msitu wake ulikuwa mlimani, na ungeonekana vizuri kutoka dirisha la ofisi yake kama mtu angelisogeza kabati. Kabati halikusogezwa. Lilikuwa limejaa mipango ya msitu.

Mipango hiyo yote ilikuwa rasimu. Mpango wa msitu huandikwa kwa miaka kumi, ukapelekwa makao makuu, ukasomwa na watu wasiokubaliana, ukarudi, ukaenda tena. Ukibahatika kupata muhuri, kuna kanuni moja ya mwisho: lazima utekelezwe, japo kifungu kimoja tu, kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Usipotekelezwa unahesabiwa umekufa, na rasimu inaanza upya. Fedha za kuutekeleza zipo, lakini hutolewa kwa mpango ambao umekwisha kuanza kutekelezwa. Aliyetunga utaratibu huo alipandishwa cheo.

Kwa njia hiyo mipango miwili ya afisa huyu ilikwisha kufa na muhuri wake usoni, kama maiti aliyevalishwa suti. Mtaani wakamwita Bwana Rasimu. Hata muuza duka alimwita hivyo, tena mbele ya wateja: "Bwana Rasimu, sukari yako ni ya mwisho au utaileta tena kwa marekebisho?" Naye alicheka pamoja nao, kwa kuwa alikuwa mtu mpole. Mkewe hakucheka. Alihamia duka la mbali zaidi.

Mkewe huyo alikuwa mwalimu, baadaye mwalimu mkuu, na kila rasimu ilipita mikononi mwake kabla ya kwenda makao makuu. Kalamu yake nyekundu iliondoa "mchakato" mia na kuacha msitu mmoja. Wao wawili walikuwa na namna yao ya kuongea. Mke alimwita mzee hata walipokuwa vijana. Mume alimwita mwalimu hata walipokuwa wakigombana.

Nyumbani nako alipanga. Kiwanja chao si kikubwa, lakini kilikuwa na ukanda wa kuku, ukanda wa mboga, ukanda wa kuanika, na pembe moja nyuma ya tangi la maji ambayo mtu hakuruhusiwa kufagia. Majani yalianguka yakaoza, na mara wakatokea mijusi.

"Mzee, hii pembe inatutia aibu kwa wageni."

"Hiyo imehifadhiwa."

"Inahifadhi nini, mzee? Takataka?"

"Inajihifadhi."

"Na mimi niko katika ukanda gani?"

Akafikiri kwa dhati, kwa maana aliulizwa swali la kitaalamu. "Wewe si ukanda, mwalimu. Wewe ni mamlaka ya usimamizi."

Mpango wa tatu ndio uliomtia matatani. Ulipata muhuri katika mwaka wake wa mwisho kazini, na ungeishiwa pumzi siku ileile ambayo yeye angekabidhi funguo za ofisi. Kwa hiyo alikuwa na mwaka mmoja wa kuona neno lake moja likitoka kwenye karatasi na kusimama kwa miguu yake. Baada ya hapo, msitu na jina vingekuwa mikononi mwa wengine.

Mkutano wa wadau wa mpango huo ulifanyika katika ukumbi wa shule. Wadau ni watu wenye haja na msitu, na siku ile haja zao ziliketi kila moja na kiti chake. Ramani ilitundikwa ubaoni. Mwenye kiwanda cha mbao alisimama wa kwanza akadai upande wote wa mashariki.

"Mimi nina watu wengi wanakula kwangu," alisema.

"Wanakula ukishashiba wewe," akajibu mrina asali kutoka nyuma.

"Wewe na nyuki wako nyamaza! Nyuki hawalipi ushuru."

"Hata wewe hulipi, ila nyuki hawajisifu."

Wachoma mkaa wakataka magharibi. Wafugaji wakataka magharibi hiyohiyo. Akina mama wa kuni walisema wao wanataka tu wasifukuzwe, na kila mtu akaliona hilo kuwa dai kubwa kupita yote. Afisa mipango alichora, akafuta, akachora. Hatimaye akaweka kidole katikati ya ramani, mahali penye makorongo, miteremko mikali na ukungu usioondoka.

"Na hapa, ndugu zangu? Nani anapahitaji?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Huko hata nyuki wanapita tu," akasema mrina asali.

"Gogo ukiliangusha huko, litaoza humohumo," akasema mwenye kiwanda.

"Basi tupaache kama palivyo? Pasiguswe?"

"Paache, bwana, paache! Tufungie kikao watu wakale."

Hivyo ndivyo Ukanda wa Asili ulivyozaliwa, kwa kauli moja, saa ya chakula. Makao makuu waliandika kwamba hayo ni maridhiano ya kihistoria. Ukweli ni kwamba kila mtu ni mhifadhi hodari wa kitu asichokihitaji.

Ila yeye alikihitaji. Tangu alipokuwa kijana, kila alipopata likizo alipanda hadi pale katikati, akakaa kutwa, akarudi jioni na soksi zilizoloa. Mara moja alimchukua mkewe. Huyo alipanda akilalamika, kisigino cha kiatu kikang'oka, na alipofika alikuwa ameandaa hotuba nzima. Kisha akaona miti imeota ndevu za kijani, akasikia maji yanapita chini ya mawe bila kuonekana, na akamwona mumewe amekaa juu ya gogo, mikono mitupu juu ya magoti. Hakuwahi kumwona bila faili kwapani. Hotuba ikabaki tumboni, na imebaki humo hadi leo.

Ndiyo maana kifungu cha tisa alikiandika kwa mkono wake mwenyewe, hakumwachia msaidizi: Mtu yeyote hataingia katika Ukanda wa Asili akiwa na chombo cha chuma, wala hataondoa humo kitu chochote, kiwe hai au si hai, bila kibali cha maandishi, na atakayekiuka hataingia tena katika ukanda huo maisha yake yote.

"Maisha yote?" mkewe aliuliza, kalamu nyekundu mkononi. "Hata muuaji huwa anatoka, mzee."

"Mwenye kufanya hivyo anarudi kufuata nini?"

Akasahihisha mkato mmoja, akakipitisha.

Wakati huo idara ilikuwa na kaimu mkurugenzi, mtu wa maono. Alikuwa amekaimu muda mrefu kiasi kwamba neno hilo lilikuwa kama jina la ukoo. Naye aliupenda sana Ukanda wa Asili tangu alipoonyeshwa picha yake.

"Mzee wangu," alimwambia afisa mipango, "watu hawawezi kuhifadhi wasichokiona. Wakija kuona, lazima walale. Wakilala, lazima wapate ukumbi. Mimi naona pale juu kituo cha semina za uhifadhi. Barabara ya lami, jenereta, sehemu ya kuegesha magari."

"Mkuu, mpango unasema pasiguswe."

"Mpango huu, ndiyo. Lakini mipango huwa inakufa, si ndiyo? Wewe unalijua hilo kuliko sisi sote."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemuulizia mgonjwa. Afisa mipango alirudi mezani kwake, akaelewa kinachosubiriwa.

Kisha likaja bango. Pale makao makuu kuna Dawati la Mipaka, na kazi yake ni kuhakikisha kila ukanda unatambulika. Dawati likatuma bango la chuma lenye nguzo ya zege, na barua ikisema lisimikwe "ndani ya Ukanda wa Asili". Mafundi walikuwa watu watiifu. Walilibeba hadi katikati kabisa, pale penye gogo, wakachimba, wakamwaga zege, wakaacha na mfuko wa saruji. Bango lilisomeka hivi: ENEO HILI HALINA ALAMA YOYOTE YA BINADAMU. Chini yake palikuwa na nembo ya idara, jina kamili la kaimu mkurugenzi, na ombi la kutotupa takataka.

Dawati la pili, la Ukaguzi, likaandika kwamba mkaguzi angekuja siku ya mwisho ya mwaka wa fedha kutazama mambo mawili: kama mpango umeanza kutekelezwa, na kama Ukanda wa Asili hauna kweli alama yoyote ya binadamu.

Afisa mipango akaliandikia Dawati la Mipaka kuomba bango liondolewe. Likajibu kwamba bango haliondolewi bila idhini ya Ukaguzi. Akaliandikia la Ukaguzi. Likajibu kwamba lenyewe halishughuliki na kitu kabla ya kukikagua. Kibali cha kuingia na chuma angeweza kujiandikia mwenyewe, lakini muhuri ulikuwa umefungiwa katika mtoto wa meza ya kaimu, na kaimu alikuwa semina.

Basi siku moja kabla ya mkaguzi kufika, akaazima mtaimbo kwa fundi mwashi jirani yake, akafunga tai, akapanda mlima. Kuhusu tai, watu wamecheka sana. Alikwenda kazini, na kazini alivaa tai.

Huyo mwashi, kwa taarifa ya wote, ndiye chanzo cha habari ya mtaimbo. Ya msumeno haijulikani ilizaliwa na nani, maana haina baba.

Alikuwa amekwisha kuitikisa nguzo mpaka ikalala upande kama mlevi aliyeshikwa bega, aliposikia sauti nyuma yake.

"Simama hapohapo! Mikono juu!"

"Nikiinua mikono mtaimbo utaniangukia, kijana."

"Basi... uweke chini polepole. Geuka!"

Akageuka. Askari wa misitu walikuwa wawili, koplo na mwenzake. Koplo alipoiona sura ya mtu aliyemkamata, mkono wake ukateleza kutoka kwenye bunduki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo, mzee. Mzee, uko chini ya ulinzi."

"Kwa kifungu gani?"

Koplo akakaza uti wa mgongo na kufumba macho kidogo, kama mwanafunzi mbele ya ubao. "Cha tisa, mzee. Mtu yeyote hataingia katika Ukanda wa Asili akiwa na chombo cha chuma, wala hataondoa humo kitu chochote, kiwe... kiwe..."

"Kiwe hai au si hai."

"Ahsante, mzee. Kiwe hai au si hai."

"Na bango je?"

Koplo akalitazama bango, akafikiri. "Si hai, mzee."

"Vizuri sana. Kumbe ulisikiliza." Wiki iliyotangulia yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha askari wote vifungu vya mpango, na ukumbi mzima ulikuwa unasinzia.

"Nilikaa mbele, mzee. Sikuwa na namna."

Baadaye alimwambia mkewe kwamba pale hakuwa na hofu hata chembe. Miaka yote ile hakuwahi kusikia sentensi yake ikitoka kinywani mwa mtu asiyeifahamu nyumba yake, tena mtu mwenye bunduki. Alitamani koplo airudie.

Alilala katika kituo cha askari kwenye lango la msitu, kwa kuwa pikipiki ya doria haikuwa na mafuta ya kumteremsha mjini. Koplo alimpa godoro lake na kuomba radhi kwa mto. Asubuhi mkewe akafika na shati safi limekunjwa ndani ya gazeti. Alifuatana na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwuza vipuri, mtu mwenye sauti inayosikika kupita injini. Huyu alianza kusema kabla hajaingia mlangoni.

"Kaka! Kaka, ni nini hiki? Mji mzima unaongea! Baba alikufa hajakanyaga kituo cha askari hata kwa kuuliza njia!"

"Kaa chini, mdogo wangu. Umewasalimia watu?"

"Nisalimie watu waliokufunga?"

"Wamefanya kazi yao. Huyu koplo ni kijana mzuri sana."

Mkewe alilifungua gazeti, akalinyoosha shati juu ya benchi. Alikuja na nia moja tu, na hana haja ya kuificha: kumtoa mumewe pale na kumfikisha nyumbani kabla watu hawajajaa barabarani. Jina la familia hujengwa miaka mingi, na hubomolewa kati ya salamu na kuagana.

Hapo gari la idara likafika. Kaimu mkurugenzi akateremka, na nyuma yake mkaguzi kutoka makao makuu, mama mwembamba aliyebeba viatu vya mlimani mkononi. Kaimu alipoelezwa, alicheka hadi akashika kiuno.

"Mzee wangu! Hii si ajali ya kazini tu? Koplo, mwache mzee wa watu aende akanywe chai."

"Sawa, mkuu. Nijaze nini hapa kwenye sababu ya kumwachia?"

"Jaza kwamba mpango haujaanza kutekelezwa. Kwa hiyo kifungu hakijaanza. Kwa hiyo kosa hakuna. Rahisi."

"Umeona, kaka?" shemeji akaruka. "Rahisi! Twende!"

Mama mkaguzi alikuwa anafunga kamba za viatu. Akanyanyua kichwa.

"Haujaanza kutekelezwa? Nami niandike hivyo?"

"Andika tu, mama."

"Kwa sababu leo ndiyo siku ya mwisho. Nikiandika hivyo, mpango umekufa. Naweza kurudi mjini bila kupanda."

"Umekufa, umekufa," alisema kaimu, akiupangusa uso kwa kitambaa. "Si wa kwanza. Tutaandika mwingine, wa kisasa zaidi, wenye nafasi ya semina. Mzee anastaafu leo, aende kwa heshima zake zote. Kuna zawadi ya saa ya ukutani."

Afisa mipango alikuwa ameketi kwenye benchi, shati la jana lina matope na tai imepinda. Kwanza akanyoosha tai.

"Mama," alimwuliza mkaguzi, "mtu akikamatwa kwa kifungu cha tisa, akashtakiwa kwa kifungu cha tisa, mpango utakuwa umetekelezwa?"

"Kifungu kimoja kitakuwa kimetekelezwa. Na kimoja kinatosha."

"Basi mimi nimekamatwa."

"Mzee, hujakamatwa," alisema kaimu.

"Nimekamatwa. Koplo, nimekamatwa au sijakamatwa?"

Koplo alimtazama kaimu, akamtazama mzee. "Shikamoo, mkuu," alimwambia kaimu, ingawa walikwisha kusalimiana. Kisha akasema: "Amekamatwa."

"Kaka, umerogwa?" shemeji alipiga kelele. "Watakuita mwizi! Watoto wako wataitwa watoto wa mwizi! Mti wenyewe hata hukuukata! Shemeji, mwambie, wewe anakusikiliza!"

Wote wakamgeukia mkewe. Naye alimtazama mumewe kama anavyotazama insha ya mwanafunzi anayejua kwamba ana akili.

"Unakijua kifungu chenyewe hadi mwisho?"

"Nimekiandika."

"Na mimi nimekisahihisha. Mwisho wake hauna mlango wa nyuma, mzee. Hutapaona tena."

"Najua."

"Huwezi kuniambia baadaye kwamba hukujua."

"Mwalimu," alisema, "wakijenga ule ukumbi, sitapaona vilevile. Hakuna atakayepaona."

Mkewe akalichukua lile shati, akamwekea mumewe mapajani.

"Vaa safi kwanza," akasema. Na kwa koplo: "Mwandike. Na cheo chake ukiandike chote, usifupishe."

Kaimu mkurugenzi hakucheka tena siku ile. Mama mkaguzi alipanda mlima, akateremka na matope hadi magotini. Aliandika kwamba mpango umeanza kutekelezwa kwa ukali wa kupigiwa mfano, hata kwa watumishi wa idara yenyewe. Kuhusu alama ya binadamu, aliliona bango limelala, na akauliza nani mwenye mamlaka ya kuliondoa. Dawati la Mipaka halikuwa nayo, wala lake la Ukaguzi. Mahakama ilikuwa nayo. Bango likang'olewa siku ya pili yake na kuteremshwa kama kielelezo cha kesi, pamoja na mfuko wa saruji. Liko nyuma ya jengo la mahakama mpaka sasa, na kuku wa mlinzi hulala juu yake, juu ya maneno kwamba eneo hilo halina alama yoyote ya binadamu.

Kesi haikuwa ndefu. Hakimu alimwuliza mshtakiwa kama ana la kujitetea. Akajibu kwamba hana, ila anaomba kifungu kisomwe hadi mwisho, maana mwendesha mashtaka alikuwa ameruka mstari. Hakimu akasema hajapata kuona mshtakiwa anayeusaidia upande wa mashtaka kwa bidii namna ile. Akamtia hatiani, akamwamuru asiingie tena katika Ukanda wa Asili maisha yake yote. Mkewe alikuwa amekaa mstari wa mbele, amevaa vizuri, kichwa juu. Waliokuja kumwona akilia walikosa walichokuja kutazama.

Nje walikuwa na methali yao tayari: mchimba kisima huingia mwenyewe. Waliisema kwa furaha. Hakuna aliyeuliza kama maji yalipatikana.

Mpango umeishi. Fedha zake zilitoka, si zote, lakini zilitoka. Ukumbi wa semina za uhifadhi ulijengwa mjini karibu na benki, na kaimu akathibitishwa katika cheo kwa ajili ya ubunifu huo. Koplo sasa ni sajini. Na ile saa ya ukutani haikuletwa kamwe, kwa kuwa taratibu haziruhusu kumpa zawadi mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la misitu. Kwa hiyo wanaosema alihongwa saa nao wakae chini.

Linabaki jambo moja, ambalo nalo limesemwa. Inasemwa kwamba baada ya kustaafu alionekana mara kwa mara ameegemea mti kwenye mpaka wa Ukanda wa Asili, peke yake, na kwamba mkewe alionekana akitoka humo msituni nywele zimetimka kama mwendawazimu. Watu wamejaza wenyewe yaliyobaki. Maelezo ni haya. Yeye aliheshimu hukumu. Alifika mpakani, akasimama, hakuvuka hata kwa ncha ya kiatu. Mkewe hakuwa amehukumiwa. Mumewe alimkagua kwanza.

"Chuma?"

"Sina."

"Vibanio vya nywele?"

"Mzee, hata vibanio?"

"Ni chuma, mwalimu."

Akavitoa, akamkabidhi mkononi. Akapanda peke yake hadi katikati, akakaa juu ya lile gogo, akatazama, akasikiliza, akateremka kumweleza mumewe aliyokuwa ameyaona. Walifanya hivyo kila mwaka mpaka magoti ya mmoja na moyo wa mwingine vilipokataa. Nywele zilitimka kwa sababu vibanio vilikuwa mfukoni mwa mshtakiwa.

Alimweleza nini pale mpakani, na mumewe alijibu nini, mjane wake ameulizwa na shemeji, ameulizwa na majirani, ameulizwa hata na mtu aliyejiita mwandishi wa habari. Kama mzee alijuta, kama alilia, kama aliwahi kumwomba amdanganye kidogo, hayo yanawahusu watu wawili, na mmoja wao yuko kaburini. Wa pili hasemi.